Amplifaya Nisiyoitaka

Nilisimama mlangoni mwa jikoni na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi, nikimwomba Mungu jambo la aibu: mashine iwe mbovu. Iwe imeungua, iwe imechoka, iwe na kasoro yoyote ile itakayomlazimu Fundi kurudi tena wiki ijayo.

Alikuwa amepiga magoti nyuma ya runinga, tochi ndogo kaibana kwa meno, mikono yake mikubwa ikipita katikati ya nyaya taratibu kama mtu anayemsuka mtoto nywele. Ilikuwa mara yake ya nne kuja kwetu. Mara ya kwanza alikuja kufunga spika ambazo Kaka alituletea. Mara ya pili alikuja kuhamisha zile za nyuma. Mara ya tatu, kusema kweli, hapakuwa na kitu kilichoharibika. Nilichomoa waya mmoja kwa makusudi, kisha nikampigia simu. Aliuona ule waya, akaurudishia, akanitazama kidogo tu, wala hakusema neno. Tangu siku hiyo usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu.

"Mzee, sasa unasikiaje?" aliuliza, akiitoa tochi mdomoni.

Baba alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi magotini, rimoti mapajani. Alikuwa mpiga chapa maisha yake yote, na mitambo ya uchapaji ilimlipa mshahara huku ikimla masikio.

"Nasikia mabomu!" alifoka. "Mabomu, na milango inayobamizwa. Watu wenyewe wanamung'unya tu. Wanatafuna nini hao?"

Fundi akacheka. Mimi nikacheka. Macho yetu yakakutana juu ya kichwa cha Baba. Nikageuka haraka kurudi jikoni kana kwamba kuna kitu kinaungua.

Miaka sita nyuma nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Nilikuwa na chumba changu cha kupanga, na watoto arobaini na wawili walioniamkia kwa sauti moja kila asubuhi. Kisha Baba akapatwa na kiharusi, Mama akiwa ameshatangulia. Kikao cha familia hakikumaliza hata birika moja la chai. Kaka alikuwa na mke, watoto na kazi ya kusafiri. Mimi sikuwa na mume. "Kwa muda tu, Kitinda," aliniambia akinishika bega. Kitinda ni mimi, kitinda mimba, mtoto wa mwisho. Na muda wenyewe ndio huo, hadi leo haujaisha.

Kutoka kitandani kwa Baba hadi jikoni ni hatua kumi na tisa. Kutoka jikoni hadi kochi la sebuleni ni kumi na moja. Dunia yangu ilikuwa hiyo. Kaka alipoona nimeanza kununa kimyakimya, alituletea runinga pana kama meza, risiva nyeusi ya kuendeshea spika, yenye taa za buluu, spika tano na sabufa la kutetemesha madirisha. "Nimekuletea dunia nzima sebuleni," alisema akitabasamu. "Sasa utoke uende wapi?" Alilisema kwa mapenzi, na hapo ndipo paliponiuma. Anayekufungia kwa chuki unaweza kumpigia kelele. Anayekufungia kwa mapenzi unamwambia ahsante, na mlango unaurudisha mwenyewe.

"Mwalimu."

Nilishtuka. Fundi alikuwa mlangoni pa jikoni. Katika nyumba ile hakuna mwingine aliyeniita hivyo.

"Karibu chai," nilisema, maana mdomo haukupata neno jingine.

Alikaa kwenye stuli karibu na jokofu, magoti yakimfika kifuani, kikombe kikipotea ndani ya viganja vyake. Alikuwa mtu wa makamo, kama miaka arobaini hivi, na mazoea yake ya kuinamisha kichwa upande mmoja anapokusikiliza yalinifanya nihisi kwamba kila nisemalo lina uzito.

"Kaka yako alinipigia jana," alianza. "Anataka tuongeze amplifaya, kikuza sauti kinachojitegemea, cha kuzisukuma spika tatu za mbele. Anasema Mzee hasikii kwa sababu risiva haina nguvu. Ameniomba ushauri, nimpe jibu Jumapili."

"Utamjibu nini?"

Sebuleni bomu lililipuka, na vijiko vikatetemeka kwenye sahani.

"Amplifaya ya pembeni ni kitu kizuri sana mahali pake," alisema. "Chumba kikiwa kikubwa kama ukumbi. Au spika zikiwa ngumu kusukuma, mpaka risiva inachemka na kujizima. Hapa nimeipima risiva yenu, haijatumia hata nusu ya nguvu zake."

"Kwa hiyo haihitajiki."

"Haihitajiki." Alikiweka kikombe chini. "Lakini nikisema inahitajika, nitakuja kuifunga. Nitarudi kurekebisha. Mwezi mmoja nitakuwa na ruhusa ya kugonga mlango huu bila mtu kuniuliza nafuata nini. Nikisema haihitajiki, kazi yangu hapa imekwisha leo."

Moyo wangu ulipiga nikadhani Baba atausikia, pamoja na uziwi wake.

"Basi sema inahitajika," nilinong'ona.

Aliniangalia kwa muda mrefu. Yale macho hayakuwa na haraka yoyote, na mimi sikuwa na pa kuyakimbilia. Nyuma yangu ni sinki, mbele yangu ni yeye.

"Tangu jana nimejaribu kujizoeza kuusema huo uongo," alisema kwa sauti ya chini. "Unanishinda. Sitaki kuingia kwako kwa mlango wa uongo, Mwalimu. Nataka nije nikiulizwa nafuata nini, niseme nakufuata wewe."

Kitambaa kilinidondoka. Tuliinama wote wawili kukiokota, vidole vyake vikaniangukia mkononi, na hakuna aliyeuondoa mkono wake. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani.

"Kitindaaa!" Baba aliita. "Mto umeanguka!"

Nikanyanyuka. Nilikuwa nikinyanyuka hivyo kwa miaka sita. Niliporudi jikoni stuli ilikuwa tupu, kikombe kimeoshwa na kufunikwa kando ya sinki.

*

Jumapili baada ya chakula cha mchana Kaka alifika na gari lake, na pembeni yake ameketi Shangazi, dada yake Baba, mwanamke mwembamba mwenye ulimi ambao hata wembe ungeomba kuazima. Nyuma ya gari palikuwa na kasha kubwa jipya. Kaka alilibeba mwenyewe hadi sebuleni, akalitua kwenye zulia kwa kishindo, akajifuta jasho.

"Amplifaya hiyo!" alitangaza. "Nimechoka kusubiri ushauri. Baba, sasa utasikia mpaka wanavyomeza mate."

"Nini?" aliuliza Baba.

"MPAKA WANAVYOMEZA MATE!"

"Nani ana mate?"

Shangazi hakucheka. Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilikuwa nimevaa gauni la buluu nililokuwa nalivaa shuleni, ambalo halikuwa limeona jua miaka mingi.

"Makubwa," alisema. "Leo tunaye mgeni gani?"

"Fundi anakuja," nilijibu. Sauti yangu ilitoka nyembamba.

"Ahaa. Fundi." Akaketi, akaweka pochi yake mapajani. "Mapenzi ni kikohozi, mwanangu. Unaweza kuziba mdomo, kifua kitakusaliti."

Kengele ya mlango ililia.

Fundi aliingia na mkoba wake wa vifaa begani, shati lake jeupe limepigwa pasi. Alimwamkia Baba kwa kuinama hadi sikioni kwake, akamwamkia Shangazi, akampa Kaka mkono. Mimi alinitazama mara moja tu, akaondoa macho haraka. Nilijua kwa nini. Kama angeendelea kunitazama, kila mtu mle ndani angeliona jambo letu.

"Hilo hapo, Fundi," Kaka alisema akilipiga kasha teke dogo. "Fungua, unganisha, tumalize."

Fundi alichuchumaa, akasoma maandishi ya ubavuni mwa kasha bila kuligusa.

"Ni mashine nzuri," alisema. "Lakini kabla sijaifungua, naomba dakika tano. Nikishindwa, nitaifunga bila kusema neno."

Kaka aliinua mabega. Fundi akachukua rimoti ya risiva, akaingia kwenye mipangilio ambayo sisi hatukuwahi kuifungua. Alilipunguza sabufa. Akaipandisha spika ya katikati, ile fupi iliyolala chini ya runinga, kisha akapiga magoti na kuiinua upande wa mbele kidogo kwa kipande cha mbao, ikawa inamtazama Baba usoni badala ya kuyatazama magoti yake. Akaiwasha tamthilia ambayo Baba alikuwa akiifuata kila siku kwa kubahatisha.

Mwanamke mzee alikuwa amekaa barazani, anazungumza na jirani. Hapakuwa na mabomu wala milango.

Baba akasogeza shingo mbele. Mdomo wake uliokunjamana upande mmoja ukafunguka.

"Kumbe analia kwa ajili ya mwanawe," alisema polepole. "Anasema mwanawe haji kumwona. Anatuma vitu tu." Akatugeukia, uso umemng'aa kama mtoto. "Miezi mitatu nilidhani anamlilia mbwa!"

Hakuna aliyecheka. Kaka aliangalia kasha lake.

"Mzee hakuwa amekosa nguvu ya sauti," Fundi alisema. "Maneno yote hupitia spika hii ya katikati, na ilikuwa chini mno, imezidiwa na ngurumo za sabufa. Amplifaya huongeza nguvu tu, haifundishi spika kutamka. Ningeifunga hii, mabomu yangekua makubwa zaidi na yule mama angeendelea kumung'unya. Na masikio ya Mzee yanahitaji daktari ayapime, kwa heshima zote. Hii irudishwe ilikonunuliwa. Haihitajiki."

"Wewe ni fundi," Kaka alisema, akiweka mkono juu ya kasha. "Kazi yako ni kufunga. Fundi gani anayekataa kazi?"

"Anayekataa kazi," Shangazi alidakia bila kuinua sauti, "ni yule anayetafuta jambo jingine."

Baba alikuwa ameizima sauti kwa rimoti. Mwanamke wa kwenye runinga aliendelea kulia bila kusikika.

Fundi alisimama.

"Shangazi hajakosea," alisema. "Mambo kama haya huletwa na wazee, na mimi ninao wazee watakaokuja kwa adabu yake. Lakini sitaki kutoka hapa kama mtu aliyejificha nyuma ya runinga. Nampenda Mwalimu. Nataka kumwoa."

Nilishika ukingo wa kabati la vyombo. Miaka sita nilikuwa nikiongelewa mle ndani kama ratiba: Kitinda atafanya, Kitinda yupo, mwambie Kitinda. Sasa mtu amesimama katikati ya zulia na kunitaja kama mtu.

"Mwalimu yupi?" Kaka aliuliza, na hakuwa akitania. Kisha akafahamu. "Kitinda? Kitinda wetu?"

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," Shangazi alisema, "lakini huyu ameshakata kamba, anataka na banda. Bwana wewe si uliwahi kuoa?"

"Niliwahi, Shangazi. Tuliachana miaka minane iliyopita. Hatukutukanana."

"Aliyeachwa na mmoja ataachwa na wa pili. Na unaishi wapi?"

"Vyumba viwili nyuma ya karakana yangu."

"Vyumba viwili! Na ndugu yangu huyu, nani atamgeuza? Nani atamlisha? Au mapenzi yenu yamemsahau?"

"Sikumsahau." Fundi alitoa futi ya mkononi mfukoni, ile ya chuma ya kujikunja, nadhani bila hata kujua anaitoa, kama mtu mwingine ashikavyo rozari au tasbihi akiwa na hofu. "Siku ya kwanza nilipopima chumba hiki, nilipima na kiti cha Mzee. Kina upana wa sentimita sitini na nne. Mlango wangu wa mbele ni themanini na mbili. Wa chooni ulikuwa sitini. Nimeuvunja mwezi uliopita na kuupanua. Mzee akitaka kuja na binti yake, kiti kinapita nyumba nzima."

Nilihisi machozi yakinichoma. Mwezi uliopita! Kabla hata hajanigusa mkono, mtu huyu alikuwa anavunja ukuta kwa ajili yetu. Nilimtazama Kaka, naye akamtazama Shangazi, na kwa mara ya kwanza nikafahamu kwamba swali la nani atamtunza Baba halikuwa swali. Lilikuwa kufuli tu. Sasa mtu kaja na ufunguo, nao wamekasirika.

Kisha Baba akaongea.

"Mimi sihami."

Alikuwa ametusikia. Chumba kilikuwa kimya, na Fundi alikuwa na sauti inayofika.

"Nyumba hii niliijenga kwa mikono hii yote miwili, ilipokuwa miwili. Sihamii nyuma ya karakana ya mtu." Mkono wake mzima uliukamata mkono wa kiti mpaka mishipa ikamsimama. "Na Kitinda haendi popote nikiwa hai. Nikifa, aende."

Nani angebisha hapo? Shangazi alishusha pumzi kama mtu aliyemaliza kushona. Kaka aliinua mikono, akaonyesha kuwa si yeye aliyesema, ni Baba. Na mimi? Kabati lilikuwa mgongoni, kochi kulia, kasha la amplifaya mbele ya miguu yangu. Hata ningetaka kuanguka sikuwa na nafasi ya kuangukia.

Fundi alinitazama, safari hii bila kuficha. Aliningoja niseme. Nikajaribu, Mungu ni shahidi, nilifungua mdomo, lakini sauti iligoma kutoka. Kisha akainamisha kichwa kwa Baba.

"Nimekusikia, Mzee. Nisamehe kama nimekuvunjia heshima."

Akachukua mkoba wake. Mlango ulifungwa taratibu, wala haukubamizwa. Angeubamiza nadhani ningeumia kidogo zaidi ya hapo, au kidogo pungufu. Nilizisikia hatua zake zikipita dirishani, kisha sikusikia kitu.

"Limekwisha," Shangazi alisema. "Utalia wiki mbili, halafu utashukuru. Sisi wote tulilia."

Kaka akachuchumaa, akaanza kuung'oa utepe wa kasha. "Mimi mwenyewe nitaifunga. Huyo anajidai tu. Kitinda, nisaidie kushika upande huu." Akasita, labda aliona uso wangu, akalainisha sauti. "Hebu sikia. Amua wewe. Kweli kabisa, uamuzi ni wako: tuiongeze au tusiiongeze? Itakuwa sinema hasa, utasahau hata kutoka. Mimi nataka ufurahi, mdogo wangu."

Nikaliangalia kasha. Wazo likanijia bila ghadhabu yoyote: uamuzi pekee ambao watu wangu waliwahi kuniachia kwa miaka sita ni huu. Nataka kelele kiasi gani ndani ya chumba nisichotoka.

"Usilifungue," nilisema.

"Eh?"

"Rudisha huo utepe, Kaka. Siitaki. Amplifaya siitaki, na runinga yenyewe mngeniuliza nisingeitaka." Sauti ilikuwa yangu, ile ya darasani, inayofika dawati la mwisho. Sikuwa nimeisikia siku nyingi mpaka ikanitisha. "Na kesho asubuhi nakwenda shuleni kwangu kuomba kazi. Siku nitakazofundisha, wewe utakaa na Baba, au utaleta mtu wa kukaa naye."

"Nani kakuruhusu?"

"Sijaomba ruhusa."

"Haya, haya, sasa yametoka," Shangazi alisema. "Mwanamke mzima unamwacha baba yako mgonjwa kwa ajili ya bisibisi!"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Shangazi. Mimi nimekilalia miaka sita. Wewe huja mara moja kwa mwezi na hurudi kwako kabla ya jua kuzama."

Shangazi alifungua pochi yake, hakutoa kitu, akaifunga.

"Kitinda," Baba alisema.

Nikaenda kupiga magoti mbele ya kiti chake, nikaushika mkono wake uliokufa kisha ule ulio hai. Nilisema taratibu, nikitazamana naye, ili anisome midomo kama masikio yatamwangusha.

"Baba, sikuachi. Nakuapia. Kila siku nitarudi hapa. Lakini nina miaka thelathini na saba, na hakuna mtu anayeniuliza chochote isipokuwa dawa ziko wapi."

Kwa muda alikuwa anaangalia juu ya kichwa changu, kwenye kile kioo kisicho na sauti.

"Naogopa kufa peke yangu," alisema. Alilisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama bado anayo.

"Najua. Na mimi ninaishi peke yangu, Baba, na wewe uko hapa hapa."

Sikukusudia kulisema hivyo. Lilitoka lenyewe, na lilipotoka nilitamani kulirudisha, maana uso wake ulianguka. Alifumba macho. Nilidhani nimemuua. Nyuma yangu Kaka alikuwa ameacha kugusa kasha.

Baba alipofumbua macho hakuniangalia mimi.

"Wewe," alimwambia Kaka. "Dawa zangu za saa kumi ni zipi?"

Kaka alikohoa. "Si… si Kitinda ndiye…"

"Ni zipi?"

"Sijui, Baba."

"Vidonge viwili vya njano na nusu ya kile cheupe. Na maji yawe ya vuguvugu, ya baridi yananipalia. Vua koti, ukae ujifunze."

"Baba, mimi jioni nina mtu wa…"

"Vua koti!"

Kaka alivua koti. Alikuwa mkuu wa watu wengi kazini kwake, na nilimwona amelishika lile koti bila kujua pa kulitundika.

"Sijakubali," Baba aliniambia mimi, kidole kikinielekea. "Huyo mwanamume wako sijamkubali. Kuoa ni kuoa, spika ni spika. Usidhani kwa sababu amenisikilizisha tamthilia…" Akanyamaza. "Sijakubali. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Basi inuka. Unaniumiza mkono."

Nilinyanyuka. Sikwenda jikoni. Nikapita kasha, nikapita pochi ya Shangazi na miguu yake iliyonyooshwa, ambayo hakuikunja kunipisha, nikairuka. Nilitoka na malapa ya ndani miguuni.

Jua lilinipiga usoni nikafumba macho. Barabara yetu ilikuwa na duka jipya la viatu ambalo sikuwahi kulijua, na ukuta uliokuwa wa kijani sasa ulikuwa wa njano. Nilitembea, kisha nikatembea upesi, kisha nikakimbia kwa aibu zote za mwanamke mzima anayekimbia na malapa. Mtu mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya duka alinyanyua ufagio kunipisha.

Nilimwona karibu na kona, anatembea polepole, bega moja limelemewa. Sikujua nimwite kwa jina gani mbele za watu.

"Fundi!"

Aligeuka. Kwanza alitazama nyuma yangu, kuona ni nani ananifuata. Hapakuwa na mtu.

"Baba hajakubali," nilisema nikihema. Nilitaka ajue hilo kabla ya yote. "Amesema nikuambie… hapana, hakusema nikuambie kitu. Hajakubali. Huenda asikubali kabisa. Na mimi nilinyamaza pale mbele yako, nikakuacha ukatoka peke yako. Kama umekasirika una haki."

"Nilikasirika mpaka kwenye lile duka la viatu," alisema. "Baadaye nikaanza kufikiri nitarudi kwa njia gani. Mnasahau kwamba nyinyi mna kengele ya mlango ambayo italeta matatizo muda si mrefu."

Nikacheka, na cheko likageuka kilio katikati, nikajifuta kwa mkono wa lile gauni langu la shule.

"Nani yuko na Mzee?" aliuliza.

"Kaka."

"Anajua dawa?"

"Anafundishwa."

Alinitazama kwa namna ile ya kuinamisha kichwa, akinisikiliza hata pale nilipokuwa kimya.

"Una muda gani, Mwalimu?"

Nilifikiri. Ilinibidi nifikiri kweli, maana swali hilo sikuwa nimeulizwa miaka mingi.

"Mpaka saa kumi na mbili," nilisema. "Halafu narudi. Lazima nirudi."

"Utarudi. Nitakusindikiza mpaka mlangoni." Akatikisa kichwa kuelekea chini ya barabara. "Karakana haiko mbali. Nikuonyeshe ule mlango wa chooni, kama hutaona nimekosa adabu kumwonyesha mwanamke choo siku ya kwanza."

"Twende."

Akauhamishia mkoba wa vifaa begani upande wa pili, mkono uliokuwa upande wangu ukabaki mtupu. Nikaushika, mchana kweupe, huku mwenye ufagio akituangalia mpaka tulipokata kona.